Jogoo Aliyekohoa kwa Sauti Yangu

Nianze na ujinga wangu mwenyewe kabla wengine hawajausema: niliwahi kumwachia kifaranga aliyebeba mate yangu, nikamkamata mwingine kwa haraka, na kwa kosa hilo nikawa mama mzazi wa bibi yangu kwa msimu mzima wa baridi. Waliokulia huku kwetu Simiyu wameshaelewa nusu ya habari. Wengine vuteni kigoda. Nitaeleza polepole, maana mimi si mtu wa haraka. Ni mtu wa kukaa ndani karibu na moto, na hata tabia hiyo niliianza mwaka huo huo.

Kilichonikumbusha ni harufu. Juzi mpangaji wangu alikuwa anamyeyushia mtoto wake mafuta ya mkia wa kondoo. Harufu ikapanda ukuta, ikanikuta uani nachambua mchele, nikajishika koo kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo si lake.

Watu wa Makete na Njombe wakisikia kwamba Bariadi nako kuna baridi hucheka mpaka wanakaa chini. Wana haki yao. Baridi yetu haina barafu wala ukungu wa maana. Ni baridi ya upepo. Mvua zikishaondoka na mashamba yakabaki vijiti, upepo unatoka upande wa mbuga na vumbi lake, unapita chini ya mlango, unapita kwenye blanketi, na asubuhi unawakuta ng'ombe wanatoa moshi puani na watoto wamepasuka midomo kama ardhi ya majaruba ya mpunga yaliyokauka. Ndiyo miezi ya vikohozi. Mtu ulikuwa unatambua mji wa nani umefika gizani kwa kusikiliza wanavyokohoa.

Mwaka huo kikohozi chetu kilikuwa na msaidizi, nacho ni pamba. Wanunuzi binafsi ndiyo kwanza walikuwa wameanza kuja vijijini na malori yao, na baba, aliyezoea mnunuzi mmoja tangu ujana wake, alilewa uhuru. Kila lori lililokuja alilikataa akisubiri lijalo. "Soko huria," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mchumba. Pamba ikajaa chumba cha bibi mpaka karibu na bati, na mimi na bibi tukawa tunalala juu yake. Joto lake lilikuwa tamu. Asubuhi tuliamka na nyuzi puani na kope nyeupe kama tumezeeka usiku mmoja. Leo najua pamba ile ilitosha kumkohoza mbuzi. Wakati ule hakuna aliyeitazama mara mbili.

Nilikohoa kwa mtindo wangu: mbili fupi, moja ndefu. Kho, kho, khooo. Baba alisema hata trekta bovu lina adabu kuliko mimi.

Nacho kikohozi changu kikawa soko huria. Kila mtu alileta bidhaa yake. Bibi, mama yake baba, alinilambisha mafuta ya kondoo yenye chumvi, ya moto, yanayoganda kwenye meno kabla hujameza. Mama alinifunika blanketi juu ya chungu cha majani ya mkaratusi mpaka nikaona nyota. Shangazi anayeishi Binza alituma asali iliyochanganywa na ukwaju, ikafika imechacha. Na baba, kila akitoka mnadani Bariadi, alirudi na kitu kipya, maana maduka yaliyokuwa matupu tangu nizaliwe sasa yalikuwa yanamwaga vitu: kikopo chekundu cha mafuta ya Kichina, kidogo kama kifungo cha koti, kinachowasha mpaka machozi, kisha dawa ya maji ya rangi ya kahawia, tamu, kutoka duka jipya la dawa, ambayo niliipenda mno na ikanilaza mchana kutwa. Nilikohoa nikiwa nimelala.

Mwisho baba akaleta koti. Lilikuwa la mtumba kutoka Ulaya, zito, la kijivu, lenye bitana inayoteleza kama samaki kambale. Kijijini kwetu wengi waliamini nguo zile zilivuliwa maiti, maana nani mwenye akili timamu angeitoa nguo nzima namna ile akiwa hai? Mimi niliogopa, lakini baridi ilizidi woga. Nikaingiza mkono mfukoni na nikakuta peremende moja, bado imevikwa karatasi yake. Nikaitia mdomoni kabla hajaniona mtu. Ilikuwa kali, ya baridi, ikapanda puani. Ladha ya kile kikopo chekundu.

Bibi alininusa mdomo. Akachukua ile karatasi, akainusa nayo.

"Masanja," akamwita baba. "Mwenye koti hili naye alikuwa anakohoa. Umemvalisha mtoto kikohozi cha mtu."

"Mama, hiyo ni peremende tu."

"Peremende ya nini?"

Baba akageukia vifungo vya koti, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akitusimulia kwamba Ulaya hakuna magonjwa.

"Dawa mmezimaliza zote," bibi akasema. "Kila siku mnauliza kikohozi gani. Sasa tuulize ni nani anayekohoa humu."

Nililala usiku ule nimejikumbatia. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba anayekohoa kwenye kifua changu anaweza kuwa mtu mwingine.

Kwetu jambo kama hilo anaulizwa kuku. Alfajiri, kabla sijasukutua wala kusema neno, bibi alinishikia kifaranga mkubwa aliyeanza kuota mbawa. Alikuwa wa rangi ya udongo, na kidole chake kimoja kilipinda kama ndoana. Bibi akamfungua mdomo kwa kucha, akaniashiria nimtemee. Nikamtemea. Akameza, akafumba macho.

"Habari zako zote sasa zimo humo," bibi akasema, akamfunika chini ya tenga. "Mlinde. Tukimaliza kunywa uji tunaondoka kwa mfumu." Mfumu ndivyo tunavyomwita msoma kuku. Mama alikuwa mtu wa kanisani. Alichukua nguo akaenda kufua, na alifua hata zilizokuwa safi.

Nikabaki na tenga. Kama habari zangu zote zimo humo, nikawaza, basi na mimi nimo. Nikafumba macho nikangoja kuona giza la ndani ya tenga, vijiti vyake, mwanga unaopenya. Sikuona. Nikadhani labda hatujazoeana, nikainua tenga kidogo nimtazame usoni. Alinipita katikati ya miguu kama jiwe la manati. Alipofika kwenye pumba za mtama walikuwepo ndugu zake, wote wa rangi ya udongo, wote wakidonoa. Sauti ya bibi ikatoka ndani, nikarukia mmoja, nikamfunika. Nilijiambia ni yeye. Mtoto akitaka kuamini kitu, hapungukiwi ushahidi.

Mfumu alikuwa mwembamba, amevaa shati jeupe la ofisi na kandambili, na kando yake palikuwa na redio mpya inayoimba. Aliizima alipotuona.  Alimpasua kifaranga kuanzia mdomoni, akamkunjua polepole kama mtu anavyokunjua kanga iliyolowa, akawa anapitisha mwiba juu ya nyama bila kugusa. Chini ya bawa mwiba ukasimama.

"Mwanamke," akasema. "Hayupo tena duniani. Hajalala huyu, amekaa. Anakohoa. Anaota moto uliozimika. Anasema anasikia baridi na jina lake halina mtu."

Bibi alikaa chini vumbini, yeye aliyekuwa hakai bila kigoda.

"Ni mayu," akasema. Mama. "Ni mama yangu, Nkwimba."

Hakuna aliyenitazama mimi. Walikuwa wanamtazama kuku.

Jioni tuliporudi nilikwenda kwenye pumba. Kifaranga mmoja alinyanyua mguu, na kidole kilikuwa kimepinda kama ndoana. Tulitazamana. Nikafungua mdomo nimwite bibi, lakini bibi alikuwa tayari anasaga mtama wa kunipa jina, na alikuwa anaimba. Sikuwahi kumsikia akiimba.

Kesho yake alichanganya unga na maji, akajaza mdomo, akanipulizia usoni na kifuani. Akanifunga mkononi uzi wa shanga nyeupe. Nilikuwa nimebatizwa Veronika. Kuanzia hapo nikawa Nkwimba, na si jina tu. Kila alfajiri bibi alikuja mbele yangu, akapinda goti, yeye na mgongo wake mbovu, akanisalimia, "Wangaluka, mayu." Nami ilinipasa nijibu, "Wangaluka, mwanangu."

Sitadanganya: mwanzoni nilikula nchi. Kigoda cha karibu na moto kikawa changu. Michembe minene, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ilikuwa yangu. Mama akinituma maji bibi alisema, "Unamtuma mama yangu kisimani na upepo huu?" Mama alibeba ndoo mwenyewe, maana ni mkamwana gani atamchapa mama wa mama mkwe wake? Baba naye alianza kunikwepa, hakujua aniite mwanangu au bibi. Nikajifunza kukaa. Ujuzi huo sijaupoteza hadi leo.

Na kikohozi kikaondoka. Ni kweli kwamba siku chache baada ya jina, lori lililompendeza baba hatimaye lilikuja, pamba ikatolewa chumbani, na sakafu ikafagiwa. Lakini nani angelipa lori sifa?

Ndipo bibi alipoanza kuniuliza mambo. Alisubiri tubaki wawili, akasogeza kuni, akasema bila kunitazama. Niliyaunganisha kidogo kidogo: alikuwa mke mpya, ameolewa mbali, habari zikamfika kwamba mama yake anakohoa. Ilikuwa miezi ya baridi kama hii, na kwa wakwe kulikuwa na kazi. Akasema kesho, akasema keshokutwa. Alipofika alikuta jivu.

"Mayu," aliniuliza jioni moja, "ulinisubiri?"

Nilikuwa na michembe mdomoni. Nilijibu kwa sababu ukimya ulinitisha kuliko uongo.

"Nilikusubiri. Nilikuwa nimekaa mlangoni."

Mkono wake ukasimama juu ya kuni. Moto ukamulika upande mmoja wa uso wake, na ule upande ukawa wa msichana.

"Walikuwa wamekuhamishia kitanda mlangoni," akasema taratibu. "Hilo sikuwahi kumwambia mtu."

Mnaweza kusema mtoto alibahatisha: anayesubiri mtu atakaa wapi kama si mlangoni? Mimi pia nasema hivyo, mchana. Lakini ile jioni nilisikia maneno yakitoka na sikukumbuka kuyapanga. Na bibi alianza kulia, kilio chepesi cha mtu aliyetua mzigo, kisha akalala chali akakoroma mpaka asubuhi, naye kwa miaka alikuwa halali.

Kesho yake nikiwa jikoni, ambako kuku walilala, nikasikia kikohozi changu. Mbili fupi, moja ndefu. Nikajishika kifua, kifua kimetulia. Kho, kho, khooo. Kilitoka chini ya tenga.

Alikuwa yeye, mwenye kidole kilichopinda. Amekua, ameanza kuota kishungi, jogoo mdogo. Alikuwa ameinua shingo, mdomo wazi, jicho moja limenielekea. Mafua ya kuku yalikuwa yanazunguka mji hadi mji wakati ule, kila mtu alijua. Mimi nilijua zaidi. Nilipiga hesabu yangu nikiwa nimechuchumaa palepale: mate yangu yamo kwenye huyu jogoo, na kikohozi changu kimeyafuata, kwa hiyo Veronika yumo mle. Aliyekaa huku kwenye kigoda, anayekula michembe na kujibu maswali ya mlangoni, ni Nkwimba. Jogoo akifa, Veronika amekwisha, na hakuna atakayejua, kwa sababu mwili utaendelea kutembea hapa uani na kusalimiwa kila asubuhi.

Nikaanza kumtibu. Dawa zilikuwepo, zilibaki tele. Nilimpaka mafuta ya Kichina chini ya mdomo. Akakimbia akipiga kichwa chake ukutani. Nilimlambisha mafuta ya kondoo na chumvi. Nilimpa dawa ya kahawia kwa kifuniko cha chupa, akapepesuka, akakaa kitako kama mlevi wa sikukuu, akalala mchana kutwa. Alikohoa akiwa amelala.  Nilimfukiza kwa majani ya mkaratusi, tenga juu, koti la Ulaya juu ya tenga, na kutoka ndani ya lile koti nikasikia kikohozi changu kikijibu, kizito, cha mtu mzima.

Jirani yetu mama Limi, ambaye hakuwa na simile na mtu, alinikuta siku moja uani natembea naye kifuani nimemfunga kwa kanga.

"Nkwimba," akaniambia, "ulipokuwa hai mara ya kwanza pia ulikuwa unabeba kuku mgongoni, au ni upya huu?"

Nilicheka ili aondoke.

Kisha ikaja asubuhi ambayo bibi aliamka na furaha. Kikohozi kimekwisha, akasema, mama amepata moto, sasa tumshukuru. Tuchinje. Na kwa kuwa yupo jogoo anayezubaa, afadhali achinjwe yeye kabla hajajifia bure. Nilitoka nje nikamkuta baba amekwisha kumkanyaga mbawa, kisu mkononi, na upepo unapeperusha yale manyoya ya rangi ya udongo. Mama Limi alikuwa amesimama kando na kigae chake, amekuja kuomba moto. Jogoo akakohoa. Mbili fupi, moja ndefu.

"Msimchinje!" nikapiga kelele. "Ni mimi!"

Baba akanitazama, akamtazama jogoo.

"Wewe ndiye jogoo?"

"Mate yangu yamo kwake. Yule wa mfumu hakuwa yeye, bibi. Yule alinikimbia, nikakamata mwingine. Huyu ndiye. Angalieni kidole."

Baba akaangalia kidole. Kisu kikashuka. Mimi nilikuwa sijasikia kilichotoka mdomoni mwangu, lakini bibi alisikia: nilikuwa nimemwita bibi, kwa mara ya kwanza tangu apinde goti mbele yangu. Nikamwona akirudi nyuma mpaka ukutani. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinitazama kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta watu wasiomjua wanakula.

"Kwa hiyo mayu hakuitwa kwa ajili yako," akasema.

Akazitazama shanga mkononi mwangu.

"Wewe ni nani?"

Nilijaribu kusema Veronika. Jina lilikataa kutoka. Nilijaribu na lile lingine, nalo likakataa. Ule upepo ukapita katikati yetu na vumbi lake.

"Na aliyeniambia alinisubiri," bibi akauliza, sauti yake imeshuka mpaka ikawa pumzi, "alikuwa nani?"

Baba alitazama chini. Mama alisimama mlangoni na ndoo, hakuiweka wala hakuibeba vizuri. Chini ya mguu wa baba jogoo alikohoa tena, na sote, namkumbuka kila mmoja, tulisubiri kuona nani atajibu. Aliyejibu alikuwa mama Limi, kigae chake bado kitupu mkononi.

"Nyie watu, kuku ni kuku. Mama wa watu kashaota moto wake, mtoto hakohoi, wewe mwenyewe siku hizi unalala unakoroma mpaka kwangu nasikia. Sasa unataka kumuuliza nani tena? Mchinjeni huyo jogoo kabla hajawaambukiza kuku wangu, na mnipe moto, sijainjika uji."